Fidla Ishirini na Nne

Bofa, Kilifi
14 Januari 1986

Kwa ndugu yangu Mahadhi bin Gharib,

Salamu zangu zikufikie hapo Marafa, wewe na wifi yangu Kache. Mimi mzima, ila goti la kushoto hunisumbua nikiinuka kuswali alfajiri. Mahfudha amejifungua huko Malindi wiki iliyopita, mtoto wa kike. Yeye na kichanga wake wako salama, alhamdulillahi. Mumewe amempa mtoto jina la mamake yeye, nasi tumenyamaza.

Labda hujapata habari kwamba nimetoka Malindi. Tangu mwezi wa kumi napika kwa bibi mmoja hapa Bofa, jina lake Bi Idah Kasiva, Mkamba, mwalimu aliyestaafu. Alifundisha muziki katika chuo cha walimu huko bara miaka mingi, baridi ikamharibu kifua, daktari akamwambia atafute pwani. Ni mtu mpole, hali chumvi, na husema na paka wake Kikamba.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Jumapili nilikuwa napiga pasi ukumbini. Bi Idah akatoa santuri katika jalada lake, akaifuta vumbi kwa kitambaa, akaiweka. Santuri nimezizoea, nani wa Malindi hakuzizoea? Nikangoja mtu aimbe. Mahadhi, hakuna aliyeimba. Zilianza fidla. Si moja, si mbili. Kundi zima limetoka pamoja, kama watu waliokuwa wamezuia pumzi wote wakaiachia mara moja. Nikasimama na pasi mkononi. Niliposhtuka, foronya inatoa moshi.

Nikamwambia, "Nisamehe bibi, nimekuunguzia foronya."

Akacheka mpaka akakohoa. "Iache foronya. Njoo ukae. Hii haisikilizwi kwa kusimama."

Basi nikakaa katika kiti cha wageni na leso yangu ya jikoni kiunoni, nikasikiliza mpaka upande ule ukaisha. Akageuza, nikasikiliza na wa pili. Akaniambia ni vipande sita, vimetungwa vifuatane, kila kimoja na mwendo wake, na mtungaji alikufa kabla babu zetu hawajazaliwa. Jina la mtungaji alilitaja, likanipita. Na jina la mtindo wenyewe pia likanipita.

Nilitaka kukuuliza wewe uliyekuwa na fidla: ulijua kuwa watu hukaa wengi namna ile, mahali pamoja, wakapiga neno moja? Nilitaka kukuuliza na jingine, lakini chai ya Bi Idah imechemka.

Dada yako,
Kuluthumu


Marafa
9 Februari 1986

Dada Kuluthumu,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwa Nzai siku tisa. Ni yule anayepeleka mananasi Malindi na kutuletea barua akirudi, na safari hii gari lilimharibikia. Hongera kwa mjukuu. Jina si neno, mtoto awe na afya. Kache aling'olewa jino wiki jana, uso umevimba, hata hivyo anakuamkua. Watu wamevuna mahindi ya vuli, kwa hiyo mashine yangu ya kusaga hainyamazi kuanzia saa moja asubuhi mpaka magharibi.

Mambo ya fidla niliyaacha zamani, unajua. Sina la kusema.

Ila zilikuwa ngapi?

Mdogo wako,
Mahadhi


Bofa, Kilifi
27 Februari 1986

Mdogo wangu Mahadhi,

Namwombea Kache nafuu ya jino. Mwambie asukutue kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, asimsikilize mtu atakayemwambia atie karafuu. Mahfudha alinijia na mtoto Ijumaa. Ana masikio ya mama yetu, yale yaliyolala.

Ishirini na nne. Nilimwuliza Bi Idah, akanitolea jalada la santuri, lina picha yao wote wamekaa nusu duara. Nikazihesabu kwa njiti ya kibiriti, moja moja. Ishirini na nne hizo ni za kushikwa kidevuni kama ulivyokuwa ukiishika wewe. Nyuma yao wako wenye fidla kubwa zinazokaa baina ya magoti, na nyuma kabisa ziko kubwa kama kabati, mtu huzipiga amesimama. Kuna filimbi. Kuna na zumari! Wallahi nilipoisikia nilimshika Bi Idah mkono, nikamwambia, "Hii zumari, hii ni yetu." Akasema ni binamu yake.

Nimeisikiliza mara saba sasa. Kila Jumapili baada ya chakula hunifungulia, tunakaa hatusemi. Mara ya kwanza nilisikia kelele nzuri tu. Sasa naanza kusikia kwamba hawa wanasema na wale.

Mahadhi, njoo Kilifi. Panda na Nzai mpaka Malindi, kutoka hapo ni saa moja na nusu. Bi Idah amekwisha kukubali, ameniambia nikupikie samaki wa kupaka. Uje usikilize. Na mimi nina neno la kukwambia uso kwa uso. Neno lenyewe haliandikiki.

Kuluthumu


Marafa
20 Aprili 1986

Dada Kuluthumu,

Shikamoo. Uniwie radhi kwa kukawia. Hapa mvua imeanza kwa nguvu, barabara imekatika mara mbili, na mkanda wa mashine ulipasuka. Sitaweza kuja. Mwombe Bi Idah anisamehe, na samaki mle nyinyi.

Tangu barua yako ya mwisho nimekuwa nikimkumbuka yule mwalimu wa Nairobi. Sijui kama wewe unamkumbuka. Mwaka wa sitini na tano, nikipiga katika harusi pale Shela, alikaa nyuma kwenye mkeka, amevua viatu kama watu wote. Watu walipotawanyika alinijia. Aliniambia, "Mkono wako unajua kitu ambacho wewe hujaambiwa." Akaniambia anafundisha watu kusoma nota na kupiga pamoja, wengi, na kwamba ataniombea nafasi. "Nitakuandikia," akasema. Akanishika mkono huu wa kushoto, akautazama kama daktari.

Nilikwenda posta kila Jumatatu na Alhamisi, kuanzia mwezi wa saba mpaka mwaka ukaisha. Ikafika karani akiniona mlangoni tu anatikisa kichwa. Simlaumu yule bwana. Mtu akiwa karamuni husema mengi. Lakini nilifikiri, kama mkono wangu ulikuwa na kitu kweli, asingesahau. Ndiyo maana nikaacha. Watu walisema niliacha kwa hasira. Niliacha kwa sababu niliamini kuwa sikuwa na kitu.

Sijui kwa nini nakuandikia haya. Labda ni mvua.

Kache anakusalimu, jino limepona.

Mahadhi


Bofa, Kilifi
2 Mei 1986

Mdogo wangu Mahadhi,

Salamu. Mahfudha na mtoto wazima. Bi Idah kifua kimemrudia kwa unyevu huu, nampikia supu ya kuku kila siku. Imebaki wiki moja Ramadhani iingie, nami sitaki kuuingia mwezi mtukufu na jambo hili kifuani. Nilitaka kukwambia uso kwa uso. Hukuja. Basi soma ukiwa umekaa.

Yule mwalimu hakusahau. Aliandika. Barua haikupita posta. Aliileta Jefwa, dereva wa basi la Mombasa, kwa mkono wake, Alhamisi moja asubuhi katika mwezi wa nane. Alibisha hodi, akasema, "Hii ya Mahadhi, imetoka Nairobi. Nimeambiwa nimpe mwenyewe." Nikamwambia, "Mwenyewe ametoka. Nipe mimi, mimi ni dada yake." Wewe ulikuwa posta.

Niliifungua. Ilisema nafasi umepata, ufike kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa, utapewa pa kulala na fidla ya kujifunzia, na masomo ni miaka mitatu. Mwisho aliandika: usichelewe, mkono kama huo hauji mara nyingi. Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza. Nimeyabeba kichwani tangu siku ile.

Hali yetu ya mwaka ule unaijua. Mama amelala upande mmoja, hawezi kugeuka. Mimi nimeachwa, na mimba ya Mahfudha ya miezi saba. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwinua mama asubuhi, mimi siwezi. Nikasema moyoni, nitampa nikishajifungua. Nikaitia ndani ya mto. Nikajifungua mwezi wa kumi, tarehe imekwisha kupita. Nikajiambia kumpa sasa ni kumtesa bure. Mama alipofariki, arubaini ilipokwisha, niliitoa nikaitia jikoni, siku hiyo napika chapati. Wewe ulikuwa umekaa uani unakaza nyuzi. Ukaniuliza, "Dada, unachoma nini?" Nikakujibu, "Karatasi ya unga."

Miaka ishirini nimejiambia kwamba sikukuzuilia kitu. Fidla gani, nilisema, fidla ya harusi tu, atapata kazi ya maana. Nilidhani nimekuzuia usiende mji. Sikujua ni nini kilichokuwa kikikungoja huko. Jumapili ile na pasi mkononi ndipo nilipojua. Katika watu wale kilikuwako kiti, Mahadhi, na mimi ndiye niliyekiondoa.

Nisamehe. Ukishindwa, niandikie kwamba umeshindwa.

Kuluthumu


Bofa, Kilifi
11 Julai 1986

Mahadhi,

Idi imepita, sikupata kwako hata salamu. Nilimwuliza Nzai pale sokoni Malindi, akaniambia wewe mzima na mashine inasaga. Nimeshukuru kwa hilo.

Namkabidhi kifurushi hiki. Ndani mna kaseti. Bi Idah ameinakili santuri yote, vipande sita, pande mbili. Mimi mwenyewe nilikaa nikahakikisha haikukatika. Sikuombi jibu. Isikilize tu.

Mtoto wa Mahfudha anakaa.

Kuluthumu


Marafa
30 Septemba 1986

Dada Kuluthumu,

Shikamoo. Sisi wazima.

Barua yako ya mwezi wa tano niliipata. Niliisoma nimesimama, ingawa uliniambia nikae. Sikuandika kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na wewe ni mkubwa wangu. Nilichana nne.

Nikimkumbuka mama sikulaumu. Nikiikumbuka posta nakulaumu. Mambo hayo mawili hayataki kukaa pamoja, nami nimechoka kuyasuluhisha.

Linaloniuma nitakwambia. Ungenipa barua ile, ningemtazama mama kitandani, ningekutazama wewe na tumbo lako, na nadhani nisingekwenda. Ningekaa. Lakini ningekaa nikijua kwamba niliitwa nikakataa mwenyewe. Wewe umenifanya niishi kama mtu aliyekataliwa.

Sasa la kaseti. Kache aliazima redio kwa jirani, tukakaa mlangoni siku ya Jumapili, mashine imezimwa. Akabonyeza. Baada ya muda nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Mbona wewe umekaa tu?" akaniuliza.

"Nangoja ianze."

Akanitazama. "Mahadhi, imeanza kitambo."

Ndivyo alivyojua, na mimi ndivyo nilivyoacha kujidanganya. Masikio yangu yanakwenda, dada, mwaka wa sita huu. Miaka kumi na minane nimesimama kando ya mashine ile. Sauti nene nazisikia: lori, radi, mtu akinisemesha karibu upande wa kulia. Nyembamba zimekwisha. Ndege sikumbuki niliwasikia lini mara ya mwisho. Penye mashine kila mtu hupiga kelele, kwa hiyo hakuna aliyegundua, hata mke wangu alidhani nimekuwa mzito wa kujibu. Katika kaseti yako nilisikia zile kubwa za nyuma tu, kama mtu anasukuma vyombo chumba cha pili. Zile ishirini na nne haikunifikia hata moja.

Mwezi wa nne sikukwambia kweli. Barabara ilikuwa inapitika. Niliogopa kukaa mbele ya santuri ya Bi Idah, nyinyi wawili mnautazama uso wangu, nami sijui niufanye nini.

Usiniombe radhi tena, nimekwisha kuisikia. Kama una la kunifanyia, sikiliza kisha uniandikie zinavyosema. Kipande baada ya kipande. Usinipambie.

Mahadhi


Bofa, Kilifi
19 Oktoba 1986

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma, nikaisoma. Sitasema niliyoyasema barua yako ilipofika, wala alivyonikuta Bi Idah. Umeniambia nisiombe, siombi.

Bi Idah amenipa meza yake na mchana mzima, Jumapili mbili mfululizo. Nilimwomba anifundishe majina ya mambo, akakataa. Akasema, "Mwandikie ulichokisikia wewe. Yeye atajua ni nini." Kwa hiyo ukiona nimekosea, kosa ni langu.

Kipande cha kwanza. Wanaingia wote, polepole, kwa uzito, kama wazee wanaoingia nyumba ya harusi na kila mmoja anamngoja mwenzake avuke kizingiti. Kisha ghafla wanaanza kukimbia. Fidla za kushoto zinasema neno, kabla hazijalimaliza za kulia zimelidaka, kabla hizo hazijalimaliza zile za magoti zimelichukua huko chini. Neno ni lilelile. Nililifuata kwa kidole mezani, nikalipoteza mara tatu. Mwisho wanarudi kuwa wazito, lakini sasa unajua kwamba wanaweza kukimbia.

Cha pili. Zile za chini zinatembea. Hatua, hatua, hatua, kama mtu mzima anayepanda ngazi hana haraka. Juu yake ziko fidla zimeshikilia sauti moja, ndefu mno, mpaka nikaona mimi ndiye ninayekosa pumzi. Za chini zinabadilika, ya juu haibadiliki. Halafu inashuka kidogo tu. Hapo ndipo fidla ile inapolia. Nilisitasita kuliandika hilo, lakini uliniambia nisikupambie, na mimi nasikia kilio.

Cha tatu ni ngoma ya kuchezwa. Wanawake wa kwetu wangekiweza. Mbili fupi, moja ndefu, mbili fupi, moja ndefu. Zumari iko hapa, nayo inajua kwamba inapendwa.

Cha nne ni kifupi, na filimbi ndiye mwenye nyumba. Fidla zinamwitikia tu, kwa kuchokoa nyuzi kwa vidole bila uta. Kumbe hivyo pia hupigwa! Ulikuwa ukifanya hivyo uani, nami nikidhani unajaribu nyuzi.

Cha tano sikukiandika. Nimekisikiliza mara nne, na kila mara kinapokwisha najikuta nimekwenda kwengine, niko na jiko na chapati, sikusikia kitu. Nimekiruka.

Cha sita wote wapo, na tarumbeta, na ngoma za shaba. Kina furaha. Mimi sikukipenda. Kina furaha kama watu wanaofunga mkutano ili waende wakale. Bi Idah alicheka niliposema hivyo, akasema hata yeye huona hivyo, ila hajapata kumwambia mtu.

Hayo ndiyo niliyoyasikia.

Kuluthumu


Marafa
6 Novemba 1986

Dada Kuluthumu,

Shikamoo. Kache anakuamkua, anauliza kama mtoto wa Mahfudha ameanza kutambaa. Daktari wa Malindi amenitazama masikio. Amesema yaliyokwenda hayarudi, niyatunze yaliyobaki. Mashine nimemwachia Mwambire, mume wa dada yake Kache, mimi nakaa dukani. Mchana wangu sasa ni mrefu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza Kache alikuwa anachagua mchele mbele yangu. Nilipofika kipande cha pili akasema, "Tazama mkono wako." Vidole vya kushoto vilikuwa vinatembea juu ya meza. Sikuvituma. Nilivitazama pamoja naye mpaka vikasimama.

Kipande hicho umekikosea. Sauti ya juu ikishikiliwa muda wote huo na za chini zinabadilika, mpigaji halii. Anangoja. Uta anausukuma polepole kuliko anavyoweza, na kidole hakiruhusiwi kutetemeka mpaka mwisho. Ni kazi ngumu kuliko kukimbia. Hapo inaposhuka kidogo ndipo anapopumua, wewe ukasikia kilio. Sijui nimejuaje. Hakuna aliyenifundisha.

Cha kwanza umekieleza vizuri. Cha nne nimekielewa sana. Cha sita nadhani unakionea.

Nimejaribu kukusamehe, dada. Nilijaribu Ramadhani, nikajaribu Idi, nikajaribu tena juzi baada ya Ijumaa. Sijaweza, na sitaki kukuandikia kwamba nimeweza. Lakini sina mtu mwingine wa kunisikilizia.

Maulidi yakipita, njoo Marafa. Nzai atakungoja pale sokoni Jumamosi. Utalala chumba cha Kache, mimi nitatandika dukani. Ukifika keti upande wangu wa kulia na useme taratibu, usipige kelele kama wengine.

Cha tano umekiruka. Kisikilize kabla hujaondoka.

Mdogo wako,
Mahadhi